Ule unga unaobaki barafu ikiisha

Barafu mimi naijua kwa mikono. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja niko Dunga nangojea boti za mbuta (sangara), na kabla sijaulizia bei ya samaki kitu ya kwanza naangalia ni kama pikapu ya barafu imefika, juu samaki bila barafu hata ukimpata bei ya kutupa ashakuwa hasara yako, saa nne jua la Kisumu likiwaka tumbo linaanza kulegea, na mteja wa Nakuru hana huruma, anafungua shavu aone kama ndani bado ni nyekundu, ikiwa imepauka anakurudishia samaki wako na nauli ushalipa. Zile bloku zinakuja zimefunikwa magunia na maranda ya mbao. Tunazivunja na nyundo, tunapanga kwa friji kuukuu iliyolazwa chali, safu ya barafu, safu ya samaki, safu ya barafu, halafu gunia juu.

Kuna kitu nimeiona miaka yote hii na sikuwahi kujiuliza. Jioni nikiosha ile friji, barafu yote ikishayeyuka, chini inabaki tope nyembamba. Ndani yake kuna maranda, kuna magamba, kuna mchanga wa beach, na kuna unga mwekundu mwekundu wa kutu, nafikiri inatoka kwa yale makopo ya chuma wanayogandishia maji. Ukipitisha kidole inakushika. Asubuhi bloku ilikuwa nyeupe safi, ungeapa haina kitu ndani, kumbe ilikuwa imebeba mzigo. Nilikuwa namwaga tu kwa mtaro naenda zangu.

Sasa majuzi kijana wangu, yuko gredi ya tisa, alikuwa na simu yangu anafanya kazi ya shule, akanijia jikoni na picha. Ukuta mweupe umesimama baharini, juu umekatwa sawa kama meza, chini mawimbi yametoboa mapango. "Mama, hii barafu ni kama ziwa yetu." Nikamwambia wacha mchezo mimi napika. Lakini akaleta karatasi tukapiga hesabu pamoja, na hapo ndio nilizima jiko.

Hiyo ya kwenye picha ni mlima wa barafu unaoelea baharini, inaitwa A23a. Ilikuwa na karibu kilomita za mraba 4,000. Ziwa Victoria lote ni kama kilomita za mraba 68,800 lakini Kenya tunapata asilimia 6 tu, piga hapo utapata kitu kama 4,100. Kwa hivyo chukua maji yote ya ziwa upande wetu, kutoka Kisumu hapa, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, Usenge, hadi kule Migingo, geuza yote iwe bloku moja. Na hapo sijasema unene. Ziwa letu pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, hiyo barafu pande zingine ilikuwa na unene wa mita 400. Uzito wake karibu tani trilioni moja. Maji ya Ziwa Victoria lote, na Uganda na Tanzania ndani, ni kama kilomita za ujazo 2,750, maana yake ile barafu moja ilikuwa na maji yanayozidi theluthi ya ziwa zima. Maji matamu, si ya chumvi.

Hiyo ya maji matamu ndio ilinishangaza zaidi, juu nilikuwa nafikiri ni bahari imeganda. Hapana. Kwa kamusi wanaiita siwa barafu, na siwa ni kisiwa kikubwa, lakini kuzaliwa kwake ni nchi kavu. Theluji inaanguka Antaktika ama Greenland, haiyeyuki, ya mwaka huu inalalia ya mwaka jana, inakandamizwa maelfu ya miaka mpaka inakuwa barafu ngumu, na kwa uzito wake yenyewe inaanza kuteremka polepole kama mto mzito sana kuelekea baharini. Ikifika pwani mahali pengine inaendelea mbele, inaelea kama ubao mkubwa ulioshikilia ukingo wa bara. Siku moja kipande kinakatika. Ndani ya hiyo barafu kuna hewa ya zamani imefungiwa kama viputo, na wale waliokaribia siwa barafu likiyeyuka wanasema linasikika likipasuka pasuka kidogo kidogo kama soda imefunguliwa, ni hiyo hewa inatoka. Mimi nikisikiza friji yangu saa sita mchana pia kuna kamlio fulani, lakini yangu ni maji ya jana.

A23a ilikatika mwaka wa 1986. Hiyo herufi ya mwanzo inaonyesha ilitoka upande gani wa Antaktika, namba inafuata zamu, na "a" maana yake ni kipande cha ile A23 nzima. Juu ya barafu hiyo palikuwa na kituo cha utafiti cha Wasovieti, kikaondoka nayo. Lakini haikufika mbali, tumbo lake likakwama kwa sakafu ya bahari ya Weddell, pale pale Antaktika, ikakaa hapo zaidi ya miaka 30. Mimi hapo katikati nimesoma, nimeolewa, nimezaa, nimeanza biashara, yenyewe iko pale pale inapungua pole pole mpaka ikawa nyepesi ya kutosha kujitoa kwenye matope, ikaanza kusonga kama 2020 hivi.

Kesho yake nilienda beach na hii stori kichwani. Kuna jaduong' mmoja, yaani mzee wa heshima, pale Dunga ambaye boti yake nimenunulia samaki tangu nianze, huyo ziwa analijua kuliko mtu yeyote najua. Nikamwambia, "Jaduong', kuna kisiwa cha barafu kinatembea baharini, ukubwa wa ziwa lote upande wetu." Hakushangaa, aliuliza tu swali moja. "Kinasukumwa na upepo kama hayasinti?"

Unajua hilo ni swali la mtu wa maji. Sisi watu wa hapa visiwa vinavyotembea tumevizoea. Gugumaji, ile hayasinti, asubuhi imefunga Dunga yote boti haitoki, upepo ukibadilika jioni iko ng'ambo watu wa Kendu Bay ndio wanalia. Na si gugumaji tu, hata mafunjo hung'oka kisiwa kizima na udongo wake na miti juu. Mwaka wa 2020 maji ya ziwa yalipopanda sana kisiwa kama hicho kilielea mpaka Jinja kikaziba mitambo ya umeme, Uganda ikakaa gizani. Kwa hivyo jaduong' alikuwa anajua anachouliza, nami sikuwa na jibu. Nikamwambia kesho.

Jibu ni hili. Barafu ni nyepesi kidogo tu kuliko maji ya bahari, kwa hivyo inaelea lakini karibu sehemu tisa kati ya kumi zimezama. Unachoona juu ni kile kidogo. Gugumaji limekaa juu ya maji ndio maana upepo unalibeba kama karatasi, lakini siwa barafu kubwa mwili wake uko chini, kwa hivyo linafuata sana mkondo wa maji, upepo kwake ni wa kusaidia tu. Na mkondo una mambo yake. Mwaka wa 2024 hiyo A23a ilinaswa na maji yanayozunguka juu ya mlima uliozama baharini, karibu na visiwa vya South Orkney, ikazunguka pale pale miezi na miezi. Halafu ikaachiliwa, ikaenda kaskazini, Machi 2025 ikakwama karibu na kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, na mwaka huo huo ikaanza kuvunjika vipande vikubwa. Wengi wetu siwa barafu tunalijua kwa ajili ya Titanic, Aprili 1912, zaidi ya watu 1,500 walikufa, na mpaka leo pale karibu na Newfoundland, Kanada, meli za kazi huzungushia siwa barafu kamba na kulivuta pembeni lisigonge mitambo ya mafuta. Hatari ipo na siipuuzi. Lakini hatari ndio tumefundishwa peke yake, na hapo ndio naona tumenyimwa stori nzuri.

Stori yenyewe ni ule unga kwa friji yangu.

Ule mto wa barafu ukiteremka kutoka bara unakwangua miamba iliyo chini yake. Unasaga mawe, unayageuza unga laini sana, unaubeba. Siwa barafu likikatika linaondoka na huo mzigo ndani ya mwili wake, na ndani ya huo unga kuna madini ya chuma. Chuma ya kutu, kama yangu. Sasa ile Bahari ya Kusini inayozunguka Antaktika ina shida moja ya ajabu. Ina chakula kingi, naitrojeni iko, fosfati iko, lakini mimea yake midogo ile isiyoonekana kwa macho, planktoni, haistawi vile ingestahili kwa sababu chuma imekosa. Ni kama umepika sukuma, kitunguu kipo, nyanya ipo, ugali umeiva, halafu hakuna chumvi nyumba nzima. Kinachohitajika ni kidogo sana lakini bila hicho kidogo watu hawali.

Siwa barafu linapita likiyeyuka, linadondosha chumvi hiyo kidogo kidogo. Watafiti walichapisha kazi yao 2007 baada ya kuzunguka masiwa mawili ya barafu katika bahari ya Weddell, wakakuta uhai umeongezeka mpaka kama kilomita 3.7 kutoka kwa barafu yenyewe, planktoni, krili ambao ni ndugu za uduvi, ndege wa baharini juu. Halafu 2016 watu wa chuo kikuu cha Sheffield wakaangalia picha za setilaiti za yale makubwa kabisa, yanayopita kilomita 18 kwa urefu, wakaona nyuma yake bahari inageuka kijani mamia ya kilomita na hiyo kijani inakaa zaidi ya mwezi tangu barafu ipite. Na hiyo mimea midogo inavuta hewa ya ukaa, ikifa inazama nayo chini. Walikadiria masiwa hayo makubwa yanaweza kuwa ndio yanahusika na mpaka asilimia 20 ya kaboni inayozamishwa katika Bahari ya Kusini.

Nilisoma hiyo mara mbili nikiwa nimekaa kwa kreti. Kitu kinakufa kinatembea, na njia yote kinapofia kinaacha shamba nyuma yake. Krili wanakula planktoni, samaki na pengwini na sili wanakula krili, nyangumi mkubwa kuliko wote duniani anakula hao hao krili. Mimi siku zote barafu kwangu ilikuwa ya kumhifadhi samaki akishakufa. Kule inamlisha angali hai.

Na ukitaka kujua kwa nini hii ilinigusa namna hii, angalia ziwa letu. Sisi shida yetu ni kinyume kabisa. Mbolea inatoka mashambani na mvua, maji machafu ya mji yanaingia, ziwa linalishwa kupita kiasi, maji yanakuwa kijani mazito kama uji, gugumaji linanenepa, usiku hewa ndani ya maji inaisha, unasikia mtu wa kufuga samaki kwa vizimba ameamka amekuta samaki wake wote wanaelea tumbo juu. Hapa kijani inatuua, kule kijani inaokoa. Chakula kile kile. Tofauti ni kiasi, na ni nani amekosa nini. Sikuwahi kuliona ziwa hivyo mpaka niliposoma habari za barafu ya upande mwingine wa dunia.

Lakini siwezi kuwaambia ni baraka tu, sitakuwa mkweli. Siwa barafu likiburuta tumbo lake chini linalima sakafu ya bahari, kila kinachoishi hapo kinafagiliwa. Mwaka wa 2010 siwa linaloitwa B09B lilikuja kuziba ghuba ya Commonwealth Bay huko Antaktika, pengwini wa hapo waliokuwa wamezoea kutoka nyumbani wakaingia majini moja kwa moja ikabidi watembee kilomita nyingi juu ya barafu kutafuta chakula cha watoto, na wengi hawakuweza. Hata A23a ilipokaribia South Georgia watu waliogopa hivyo hivyo, sili na pengwini wakifungiwa njia watakula nini, na wakati huo huo watafiti wakisema ikiyeyuka hapo inaweza kuongeza chakula hicho hicho. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Kuna jirani yake mwingine, A68, ilikatika Julai 2017 ikiwa na kilomita za mraba kama 5,800, ilipoyeyuka karibu na hicho kisiwa ilimwaga maji matamu tani bilioni 152 kwa miezi mitatu. Maji mengi hivyo matamu ndani ya chumvi lazima yabadilishe kitu, yanakaa juu kwa sababu ni mepesi, yanaweza hata kugeuza mwendo wa mikondo.

Halafu kuna hii ambayo kijana wangu aliipenda kuliko zote. Januari 2025 barafu inayoitwa A-84, kilomita za mraba kama 510, ilikatika Antaktika, na meli ya utafiti Falkor (too) ilikuwa karibu ikakimbia kuangalia pale ilipokuwa imefunika. Chini huko, mpaka mita 1,300, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, walikuta matumbawe, sifongo wakubwa, pweza, buibui wa baharini wakubwa, samaki. Watu wanaishi, kijana alisema hivyo, "Mama, kumbe chini ya barafu watu wanaishi." Nikamwacha aseme watu.

Yeye ndiye pia alileta swali la bahari kujaa. Tukafanya na glasi, na hata wewe unaweza fanya. Weka kipande cha barafu kwa glasi, jaza maji, chora mstari na kalamu pale maji yamefika. Tukangoja tukikunja nguo. Barafu ilipoisha maji yalikuwa pale pale kwa mstari. Kinachoelea kishachukua nafasi yake, kwa hivyo siwa barafu likiyeyuka baharini halipandishi maji kwa kiasi cha maana. Kinachopandisha ni barafu inayotoka nchi kavu kuingia baharini. Tukaweka kipande kingine juu ya uma uliolazwa mdomoni mwa glasi, kikadondoka tone kwa tone, na hapo mstari ukapitwa. Zile mbao kubwa za barafu zinazoelea pwani ya Antaktika zinafanya kazi ya kizibo, zinazuia mito ya barafu iliyo nyuma isiteremke mbio. Masiwa yamekatika tangu dunia iwe dunia, huo ndio mzunguko wake, theluji inaingia juu barafu inatoka chini. Ninachoogopa ni yakikatika haraka kuliko theluji inavyolipa. Hiyo hata mimi mwenye friji kuukuu naelewa, ukitoa bloku nyingi kuliko pikapu inavyoleta, ifikapo Kericho una samaki na maji.

Siku hizi sioshi friji mbio. Jioni namwaga maji pole pole nabakisha ile tope, kijana anaikwangua na kijiko. Amejaza nusu chupa ya jamu, ameiweka dirishani, imekauka ikawa unga rangi ya matofali. Anataka kuleta sumaku aone kama itashika.

Leo asubuhi nimemkuta jaduong' anakung'uta nyavu. Hakunisalimia hata, aliuliza tu, "Ile yetu imefika wapi?" Nikamwambia imevunjika vunjika, imekuwa vipande, ilianza kuyeyuka upande wa South Georgia. Akafikiria. "Na samaki wa huko, wanakula?"

"Wanakula, jaduong'."

Akaangalia maji kidogo. Halafu akaokota gunia lililokuwa limeteleza, akalifunika vizuri juu ya bloku zangu, maana jua lilikuwa limeshaanza kupanda.